UKAAZI, URAIA NA MWENZI: ISTILAHI ZA MTU ANAYEHAMIA KWA MWENZAKE NG'AMBO

Miongoni mwa istilahi za utawala ambazo bado hazijatulia katika Kiswahili ni zile zihusuzo ruhusa ya mtu kukaa katika nchi isiyo yake. Maneno yenyewe tunayo, tena mengi: ukaazi, ukazi, makazi, kibali, hati, pasi, viza, uraia, tajinisi. Lililo gumu ni kwamba hutumiwa kana kwamba yote ni ndugu wa tumbo moja, likikosekana hili likashikwa lile. Katika makala haya tutayatazama maneno hayo, pamoja na yale yanayomtaja mtu anayehama na mtu anayemfuata, na mifano yetu mingi tutaichukua Mtwara na pwani ya mlango wa Mto Ruvuma. Tumeuchagua upande huo kwa kuwa huko ndoa ya mtu wa nchi hii na mtu wa nchi ile ni jambo la nyumbani, wala haihitaji ndege wala meli.

Na tuanze na neno ng'ambo. Kwa maana yake ya asili, ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Mtu aliyesimama Kilambo akisema "ng'ambo" anaonyesha kwa kidole: ni ule ukingo wa pili wa Ruvuma, nchi ya Msumbiji, ambako njia huendelea hadi Kionga na Palma. Kwa msomaji wa Dar es Salaam neno hilo hilo lina maana ya Ulaya, Marekani au Arabuni. Wengine husema ughaibuni, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo ndani yake mna maana ya kutokuwapo. Ughaibuni ni pale alipo mtu ambaye sisi tuliobaki hatumwoni. Kwa mashairi neno hili latosha, bali katika fomu ya serikali halifai, maana humwelezea mwenda kwa hisia za waliobaki. Kwa lugha ya sheria yafaa kushika nchi za nje au nchi ya kigeni, na ng'ambo liachiwe mazungumzo na watu wa mtoni, ambao wana haki nalo zaidi.

Mpaka wenyewe haukuwekwa na wenyeji. Mapatano ya Ujerumani na Ureno ya Desemba 1886 yaliufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto. Aprili 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wareno waliichukua tena, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukathibitisha kuwa ni yao. Mtu wa Kionga aliyeoa Msimbati kabla ya mwaka 1886 alivuka mto tu. Mwanawe, kama alioa mwaka 1900, hakuvuka mpaka wowote, bali mjukuu wake aliyeoa mwaka 1920 alioa nchi ya kigeni. Wote watatu walisafiri njia ile ile kwa mtumbwi wa namna ile ile. Twalitaja jambo hili kwa sababu ya istilahi: mgeni wa kisheria na mgeni wa kijamii ni watu wawili, na Kiswahili kimewapa jina moja.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Shina lake ni kaa, kitenzi kilichobeba mizigo mingi: kuketi, kubaki, kuishi mahali, na hata kudumu, kama tusemavyo "nguo hii imekaa sana". Lugha nyingine za kusini zina mwenendo huo huo. Katika Kiyao, kutama ni kuketi na pia ni kuishi mahali. Hata Kireno, ambacho jirani zetu wa ng'ambo hukitumia serikalini, huita jambo hili residência, neno litokalo katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuketi na kubaki. Basi kwa maana ya ndani hatujapungukiwa na kitu.

Mashaka yapo katika umbo. Wako waandikao mkazi na ukazi, na wako waandikao mkaazi na ukaazi. Sisi tunaliunga mkono umbo lenye a mbili kwa matumizi ya kisheria, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba shina kaa lina a mbili, na kuzihifadhi humwonyesha msomaji neno lilikotoka. Ya pili ni kwamba kipo kikazi kingine cha kale katika lugha yetu, kipande chenye maana ya mwanamke, ambacho kimebaki katika mjakazi na, kwa umbo lililogeuka kidogo, katika mkazamwana na mkazamjomba. Katika makala yanayozungumzia mke na makao yake, si vizuri kuacha mashina hayo mawili yagongane. Isitoshe, umbo hilo limekwisha kupata nguvu ya sheria. Zanzibar ilitunga mwaka 2005 sheria ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi, na kitambulisho chake kinajulikana na kila mtu kuwa ni cha Mzanzibari Mkaazi. Huku Bara, katika vitambulisho vya taifa, asiye raia aliyepewa ruhusa ya kukaa huitwa mgeni mkaazi. Istilahi hiyo ya mwisho twaisifu. Mtu yule ni mgeni kwa upande wa uraia na ni mkaazi kwa upande wa makao, na maneno mawili yamezisema hali mbili bila kugombana.

Makazi na makaazi tuyaache kando. Hayo ni mahali: nyumba, mtaa, kijiji. Ukaazi ni hali, au haki, na mtu aweza kuwa na makazi Mikindani miaka 20 bila kuwa na ukaazi wa kisheria hata siku 1.

Kutoka hapo twende kwenye kibali. Idara ya Uhamiaji hutoa vibali vya ukaazi vya madaraja A, B na C: la A kwa wenye mitaji na wanaojiajiri, la B kwa walioajiriwa, na la C kwa wengine kama vile wanafunzi, watafiti na wahubiri. Kila kibali kina tarehe ya mwisho. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, kama ilivyotungwa, haina daraja liitwalo ukaazi wa kudumu. Jambo hili linawashangaza wasomaji wengi kila tulitajapo, kwa sababu maneno ukaazi wa kudumu husikika redioni mara kwa mara. Ukweli ni kwamba tumelisanifu jina la kitu ambacho kwa sehemu kubwa kipo kwa majirani. Kenya wanacho: sheria yao ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mwenzi wa ndoa wa raia wa Kenya, ndoa ikiwa imetimiza miaka 3, aombe ukaazi wa kudumu. Msumbiji humpa mgeni kadi ambayo kwa Kireno huitwa kwa herufi za mwanzo DIRE, na tafsiri yake ya wazi ni hati ya utambulisho na ukaazi kwa wageni. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho ni lugha ya nchi nyingi, kinahitaji istilahi hiyo hata kama sheria ya Tanzania Bara haikuihitaji. Hii ni hoja wanayoisahau wale wasemao kwamba neno litungwe pale tu kitu chenyewe kinapoingia nchini.

Tofauti ya kibali na hati nayo yafaa ielezwe, japo kwa ufupi. Kibali ni idhini iliyotolewa. Hati ni karatasi au kadi inayoishuhudia idhini hiyo. Hati ikilowa maji ya Ruvuma, kibali hakikulowa. Anayepoteza kadi huomba hati nyingine, na anayeishiwa muda huomba kibali kingine. Wananchi wengi wameandika ombi lisilo lao kwa sababu fomu haikutenga hayo mawili. Viza, kwa upande wake, ni ruhusa ya kuingia, na haina haja ya kuitwa ukaazi. Raia wa Tanzania na wa Msumbiji husafiri baina ya nchi zao kwa muda mfupi bila viza, jambo ambalo limewafanya wengine waamini kwamba aliyeingia bila viza amekwisha kupata ruhusa ya kukaa. La, ameruhusiwa kuvuka na kurudi.

Tumefika sasa mahali ambapo kuchanganya maneno kunaweza kumnyang'anya mtu shamba. Ni kawaida magazetini kusoma kwamba fulani "amepata uraia wa Marekani" ilhali alichopata ni kadi ya ukaazi wa kudumu, ile waiitayo watu kadi ya kijani. Kwa mwandishi huenda ikaonekana tofauti ndogo. Na tumfikirie mwanamke wa Nanyamba au Mahuta, mwenye mikorosho aliyoachiwa na ukoo wa mama yake, ambaye amehamia kwa mumewe nchi za nje na kupewa ukaazi wa kudumu. Mwanamke huyo bado ni raia wa Tanzania. Pasipoti yake ni ile ile, na haki yake juu ya shamba ni ile ile. Lakini mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine huupoteza wa Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyotungwa, asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo neno uraia likitua kijijini mahali pa ukaazi, jamaa wenye tamaa wamepata hoja: "Huyu si mwenzetu tena, shamba halimhusu." Na mwenye shamba yuko mbali, hawezi kuja kuonyesha kadi yake kwenye baraza la kijiji, wala kadi ile haikuandikwa Kiswahili.

Kwa sababu hiyo twasisitiza ngazi 3 zitenganishwe kwa ukali katika maandishi yote, hata ya habari fupi: kibali cha ukaazi, chenye muda, ukaazi wa kudumu, usio na tarehe ya mwisho lakini ulio wa mgeni, na uraia, ambao ukipatikana kwa kuomba huitwa uraia wa tajinisi. Tajinisi ni neno la Kiarabu, na wengi vijijini hawalijui. Uraia wa kuandikishwa lilijaribiwa nalo likaeleweka vizuri zaidi. Lakini kuandikishwa na kutajinisiwa kwa sheria za nchi kadhaa ni njia mbili mbalimbali za kuupata uraia, kwa hiyo hatuwezi kulitumia moja kwa zote mbili. Tajinisi libaki, na wahariri walifafanue kila linapotokea mara ya kwanza. Siku hizi imeongezeka istilahi hadhi maalumu, iliyojadiliwa sana katika miaka ya 2020 kwa ajili ya wenye asili ya Tanzania waliokwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine. Hiyo isitajwe kuwa ni uraia wala kuwa ni ukaazi wa kudumu. Ni ngazi ya pembeni, na jina lake limechaguliwa kwa makusudi ili lisifanane na majirani zake.

Je, kudumu kuna maana gani hapa? Wapo waliopendekeza wa daima au hata wa milele. Hayo hayafai, maana ukaazi huu hupotea. Kanada humtaka mkaazi wa kudumu awe nchini humo angalau siku 730 katika kila miaka 5. Uingereza, ambayo huiita hali hiyo kwa maneno yenye maana ya ruhusa ya kubaki bila kikomo, huihesabu kuwa imekwisha mtu akikaa nje kwa zaidi ya miaka 2 mfululizo, nasi tunadhani ruhusa isiyo na kikomo ndiyo tafsiri iliyo sawa kwa nchi hiyo peke yake. Marekani ina ajabu yake: ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku mgeni anapopewa ukaazi, hupewa ukaazi wa kudumu wenye masharti, wa miaka 2, na katika siku 90 za mwisho wanandoa huomba masharti yaondolewe. Mfasiri atalalamika kwamba kitu cha miaka 2 hakiwezi kuitwa cha kudumu. Tunakubaliana naye, lakini upotofu huo ni wa sheria yenyewe, na kazi ya mfasiri ni kuufikisha kama ulivyo. Aandike ukaazi wa kudumu wenye masharti, asirembeshe.

Mtu aliyerudi Mtwara kumuuguza mama yake, akakaa misimu mitatu ya korosho, huenda akakuta kitu alichoambiwa ni cha kudumu hakikudumu. Neno kudumu lingekuwa na hatari ndogo zaidi kama tungelisoma kwa maana yake halisi: kudumu ni kuendelea kuwapo, na kinachoendelea kinahitaji kushikiliwa.

Sehemu inayotuchukua muda mwingi zaidi ni ile inayowataja watu wenyewe. Fomu za nchi nyingi hivi leo hazimtaji mke au mume peke yao. Zinamtaja mtu ambaye mwombaji anaishi naye maisha ya kindoa, awe amefunga naye ndoa au la. Kiswahili cha kila siku kina mume, mke, mchumba, na mpenzi, tena kina hawara na kimada, ambayo ni maneno ya kushutumu. Neno la wastani, lisilosifu wala kushutumu, ni mwenzi. Tunapendekeza mwenzi kwa maana pana, na mwenzi wa ndoa pale sheria inapotaka ndoa iliyofungwa.

Siku hizi waandishi wengi, hasa wa habari, wameandika mwenza badala ya mwenzi. Huenda mjini hakuna madhara. Pwani ya kusini, ambako ndoa za mitala si hadithi, mke mwenza ni mwanamke aliyeolewa na mume mmoja na mwanamke mwingine, na hali yao ni ukewenza. Fomu inayomuuliza mwanamke wa Msangamkuu jina la mwenza wake yaweza kujibiwa kwa jina la mke wa pili, na jibu litakuwa sahihi kwa lugha na la hatari kwa ombi, maana Uingereza, kwa mfano, haimruhusu mke wa pili aingie kwa hadhi ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakubali ndoa za wake wengi. Ofisi ya nchi nyingine hailazimiki kukubali. Herufi moja imebeba mzigo huo.

Mfano mwingine wa jambo hilo: barua ya utambulisho. Mwanamume na mwanamke wamekaa pamoja Chuno au Shangani miaka 3, majirani wanawaita baba fulani na mama fulani, lakini hawakufunga ndoa. Mmoja anakwenda kazini nchi za nje, mwingine anaomba kumfuata. Mtendaji wa mtaa anaandika kwamba huyu ni "rafiki yake", kwa adabu, kwa kuwa hakutaka kuandika neno zito. Tafsiri inafika mezani kwa afisa asiyewajua, naye anasoma urafiki. Mtendaji alikuwa na lugha bora karibu yake. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wamekaa pamoja miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wamefunga ndoa, mpaka ithibitike vinginevyo. Wanasheria huita hiyo dhana ya ndoa. Basi angeliandika: "wameishi pamoja kama mume na mke tangu mwaka fulani". Maneno hayo ni ya kweli, hayavunji heshima ya mtu, na yanatafsirika.

Hata hivyo dhana ya ndoa isiwekwe sawa na mwenzi wa sheria za nje. Uingereza humkubali mwenzi asiye wa ndoa ikiwa uhusiano wao, unaofanana na ndoa, umedumu angalau miaka 2, na haidai kwamba ni ndoa. Kanada hutaka waliokaa pamoja mwaka 1. Marekani, kwa ajili ya ukaazi, haimtambui mwenzi asiyefunga ndoa. Inamtambua mchumba, ambaye huingia ili kufunga ndoa katika muda wa siku 90. Kwa hiyo mchumba, ambalo katika mazungumzo yetu limelegea hata likawa ni jina la yeyote apendwaye, lirudishwe katika fomu kwenye maana yake ngumu: mtu aliyeposwa au aliyeposa, na ndoa imekusudiwa.

Neno mtegemezi lina kasoro ya namna nyingine. Idara zetu hutoa pasi ya mtegemezi kwa mke au mtoto wa mgeni mwenye kibali. Kisarufi neno ni safi: mtegemezi ni anayetegemea, mtegemewa ni anayetegemewa, ingawa tumeona maombi ambayo mume alijiandika mtegemezi akidhani ndiye tegemeo la nyumba. Kasoro ipo katika dhana. Neno linaamua mapema nani anamlisha nani, na linadhani kwamba mke ndiye amfuataye mume. Kusini mwa nchi yetu si lazima iwe hivyo. Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mapokeo ya Wamakua na Wayao mwanamume akioa alihamia kwa wakwe zake, akalima huko, na watoto wakawa wa ukoo wa mke. Aliyehama ni mume. Mwanamume wa Kionga aliyevuka Ruvuma kumfuata mke Mwambo au Kitaya alifanya lile ambalo babu zake wangeliona kuwa ni adabu.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kama ilivyotungwa, inamfikiria mwanamke aliyeolewa na raia: huyo ana njia yake ya kuomba tajinisi katika uhai wa mume wake. Mwanamume aliyeoa raia hakupewa njia hiyo. Hupita katika masharti ya kila mgeni, pamoja na kuwa amekaa nchini jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi 12 ya mwisho, na kujua Kiswahili au Kiingereza. Kenya ilikuwa na mwelekeo kama huo mpaka katiba ya mwaka 2010, ambayo humruhusu mume au mke wa raia aombe kuandikishwa ndoa ikitimiza miaka 7. Msumbiji katika katiba ya mwaka 2004 wanasema miaka 5, kwa mgeni mwanamume na kwa mgeni mwanamke. Hatuandiki haya ili kuwafundisha watunga sheria kazi yao. Tunaonyesha kwamba mfasiri anayegeuza mwenzi wa ndoa kuwa mke, kwa sababu kwake ndiyo hali ya kawaida, ameibadili sheria ya Kenya na ya Msumbiji. Na anayegeuza mke kuwa mwenzi ameibadili ya Tanzania, hata kama angependa iwe hivyo. Sheria ikisema mke, iandikwe mke.

Badala ya mtegemezi twapendekeza, pale sheria isipolazimisha, mfuasi wa mwenye kibali. Lakini mfuasi limeshikwa na dini na siasa, nasi hatuna hakika litakubalika. Wengine wametoa aliyeambatana, nalo ni refu ila halina kiburi. Tungependa kupata maoni ya wasomaji wa kusini.

Mdhamini nalo lichunguzwe. Kwetu, mdhamini wa mahakamani ni anayeahidi kwamba mshtakiwa atafika. Mdhamini wa msikiti au shule ni mlinzi wa mali. Na anayetoa fedha ni mfadhili. Katika maombi ya ukaazi wa mwenzi, mdhamini ni yule aliyeko nchi za nje, anayeahidi kumtunza anayekuja. Uingereza, tangu Aprili 2024, kwa maombi mapya, huuliza kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Nchini Marekani ahadi hiyo ni mkataba, na haifi kwa talaka: hudumu mpaka mgeni awe raia, au ahesabiwe robo 40 za mwaka za kazi, au afariki, au aondoke moja kwa moja. Mtu anayedhani amekuwa mfadhili, anayeweza kuacha kutoa apendapo, amejifunga asikojua. Kwa hiyo mdhamini ndilo neno linalofaa, kwa kuwa linanuka deni.

Lipo jambo moja ambalo miaka ya karibuni imelileta, na istilahi zetu hazijalipatia mahali. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa, na Machi 2021 ukashambuliwa mji wa Palma. Watu wengi wa Cabo Delgado waliyahama makazi yao, na baadhi waliuelekea mto. Miongoni mwa watu wa pande hizo wapo wenye waume, wake, na wakwe upande wa Tanzania. Mwanamke anayevuka kwa kuikimbia vita na kumfuata mumewe kwa wakati mmoja ataandikwa nani? Mkimbizi ana haki zake na mipaka yake, pamoja na mahali atakapoelekezwa kukaa. Mke wa raia ana njia nyingine. Mgeni mkaazi ana nyingine. Jibu analolitoa ukingoni, akiwa amechoka na mtoto mgongoni, huenda likawa neno la kwanza linalomjia mdomoni. Kwa hiyo twaona swali lisiwe "Wewe ni nani?" wala "Umekuja kufanya nini?", bali maswali mawili yaliyotengwa: umekimbia nini, na unamfuata nani. Kila jibu lina safu yake katika fomu, na moja lisifute jingine.